Glia huiambia nini neuroni? Kemikali zinazopanga wakati na idadi katika ubongo unaojengwa

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia, nafundisha kidato cha tano na cha sita. Kitabu tunachotumia kinasema kazi ya seli za glia ni kuzishikilia neuroni na kuzilisha, basi. Mwanafunzi wangu mmoja amesoma mahali kwamba glia ndizo zinazoamua neuroni ipi iishi na ipi ife, akataka nimwonyeshe ushahidi. Naomba unieleze: ni kemikali gani hasa zinazopita kati ya seli hizi, zinapita wakati gani, wanasayansi wanajuaje kwamba ni seli fulani iliyotuma na si jirani yake, na zikikosekana kinaharibika nini?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameukaribia ukweli kuliko kitabu. Ninachomsahihisha ni kimoja: glia haziamui zikiwa peke yake. Kinachoonekana maabara ni majibizano. Neuroni hutoa kemikali, glia huipokea, glia hutoa kemikali nyingine kabisa kuelekea seli tangulizi ambazo bado hazijawa neuroni, na seli hizo zikishakomaa nazo hutoa kitu cha kuizima ishara ile ile iliyozikomaza. Kwa njia hiyo ubongo hupata mambo mawili yasiyoweza kuachiwa bahati: wakati na idadi.

Ubongo wa mtu mzima una neuroni zipatazo bilioni 86, na seli zisizo neuroni, nyingi zikiwa glia, hukaribia idadi hiyo hiyo. Ile kauli ya zamani kwamba glia ni mara kumi ya neuroni ifute ubaoni. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2009, za kuyeyusha tishu na kuhesabu viini vya seli, hazikuiunga mkono. Jeni zetu zinazotengeneza protini ni kama 20,000 tu. Hakuna jeni ya kila neuroni, wala ramani iliyoandikwa ya kila muunganiko. Seli hujua zilipo, na saa ya kufanya jambo, kwa kile ambacho majirani wanazimwagia.

Kwa ushahidi, anza na nzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Sababu si urahisi wa kumfuga tu. Ni kwamba kwake mnyororo mzima unajulikana seli kwa seli, kutoka mtumaji wa kwanza hadi mpokeaji wa mwisho.

Jicho la nzi huyo limeundwa na vijicho vidogo kama 750, na kila kijicho kina seli nane zinazopokea mwanga. Aksoni, yaani nyuzi ndefu zinazopeleka ishara, za seli sita kati ya hizo huishia kwenye sehemu ya ubongo iitwayo lamina. Huko kila kijicho kina safu yake wima, na kila safu ina neuroni tano, L1 hadi L5. Si nne, si sita. Safu moja ikipungukiwa na neuroni moja, nukta moja ya picha anayoiona nzi haichakatwi kama nukta zilizo jirani. Basi nani anazihesabu?

Sehemu ya kwanza ya jibu ilijulikana tangu miaka ya 1990. Aksoni zinazotoka jichoni huja na protini iitwayo Hedgehog. Ikizifikia seli tangulizi za lamina, seli hizo hugawanyika kwa mara ya mwisho na kujipanga safu kuzizunguka aksoni. Aksoni zisipofika, safu haijengwi. Ndiyo maana idadi ya safu haiwezi kutofautiana na idadi ya vijicho: jicho ndilo linalozizalisha.

Lakini safu ikishapangwa, seli zake bado si neuroni. Aksoni hizo hizo hutoa protini ya pili, Spitz, ambayo ni ya jamii ya EGF, yaani kichocheo cha ukuaji ambacho na sisi tunacho. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba EGF hiyo huzigusa seli tangulizi moja kwa moja na kuzigeuza neuroni. Mwaka 2017 Vilaiwan Fernandes, Claude Desplan na wenzao wa New York University walionyesha kwamba njia ni ndefu zaidi. Ukikizima kipokezi cha EGF ndani ya glia zinazozifunika aksoni, neuroni L1 hadi L4 hazikomai, ingawa aksoni zimefika na safu imepangwa vizuri. Glia hizo zikipokea EGF hutengeneza peptidi zinazofanana na insulini, na ni peptidi hizo zinazoingia kwenye kipokezi cha insulini cha seli tangulizi na kuziambia zikomae. Ni kama mbio za kupokezana kijiti, isipokuwa kwamba kila mkimbiaji hubadilisha kijiti kabla ya kukikabidhi.

Kwa nini mzunguko wote huo wakati aksoni ziko pale pale? Ni kwa sababu ya wakati. Glia zinazofunika aksoni hutambaa zikitoka upande wa jicho, nyuma ya aksoni, hivyo hufika zimechelewa. Ucheleweshaji huo huipa safu nafasi ya kujipanga kwanza, seli zikamilike kuingia mahali pake, ndipo amri ya kukomaa ifike. Amri ingetoka moja kwa moja kwenye aksoni, seli zingekomaa safu ikiwa nusu. Hapa ndipo nawaomba wanafunzi wasimame kidogo: glia hapa haikuongeza habari mpya kuhusu aina ya neuroni, bali iliihifadhi amri mpaka saa yake ifike.

Umeona kwamba L5 haikuwemo. Hadithi ya L5 ilikamilishwa mwaka 2022 na kundi la Fernandes, safari hii likiwa University College London, na ndiyo inayomjibu mwanafunzi wako kuhusu nani afe. Kila safu huanza na seli tangulizi kama sita, ilhali neuroni ni tano. Ya sita, inayokaa siku zote juu tu ya L5, hufa kifo kilichopangwa. Chini ya lamina kuna glia nyingine, kubwa, zilizoko kwenye makutano ya nyuzi za neva. Hizo nazo hupokea EGF kutoka kwa seli za mwanga, kisha hutoa kemikali mbili kuelekea juu: Spitz yao wenyewe na aina ya kolajeni. Katika kila safu, seli iliyo karibu nazo zaidi hupata kiasi cha kutosha na kuwa L5. Na mara inapokuwa L5, huanza kumwaga protini iitwayo Argos, ambayo kazi yake ni kuikamata EGF isifike mbali. Seli iliyoko juu yake hukosa amri, na seli tangulizi isiyopata amri ya kukomaa hufa.

Jambo linalovutia ni kwamba seli hiyo ya sita haikuwa na kasoro. Watafiti walipolazimisha ishara ya kukomaa iifikie, nayo ikawa L5. Safu ikawa na mbili. Kwa hiyo seli mbili ziliandaliwa kwa kazi moja, na umbali kutoka kwa glia, pamoja na kizuizi kinachotoka kwa aliyetangulia, ndivyo vilivyoamua. Mwambie mwanafunzi wako hivyo: glia hupeleka ishara, neuroni iliyokomaa huikata, na aliyebaki nje ya mpaka hufa.

Sasa swali lako gumu: tunajuaje nani ametuma? Kuikuta kemikali karibu na seli si ushahidi. Kemikali huelea, na seli tatu zilizopakana zinaweza zote kuwa zimeiwasha jeni hiyo. Mtafiti hulazimika kuizima jeni kwa mtumaji peke yake, aone athari kwa mpokeaji. Kisha akizime kipokezi kwa mpokeaji peke yake, aone athari ile ile. Kisha airudishe kemikali kutoka kwa mtumaji yule tu, wakati ishara iliyotangulia bado imezimwa, aone kama ukuaji unarudi. Naipa hatua hii ya tatu uzito kuliko zote. Glia iliyougua inaweza kumdhuru jirani kwa njia nyingi mno, lakini kama kemikali moja ikirudishwa na neuroni zikarudi, basi hizo nyingine zote zimeondoka mezani.

Kwa nzi, chombo cha kufanya hivyo ni mfumo wa GAL4 na UAS uliochapishwa na Andrea Brand na Norbert Perrimon mwaka 1993. GAL4 ni protini ya hamira inayowasha jeni yoyote iliyowekewa mbele yake kipande cha DNA kiitwacho UAS. Mzazi mmoja hubeba GAL4 iliyofungwa kwenye jeni ya repo, ambayo huwashwa ndani ya karibu glia zote. Mzazi mwingine hubeba UAS pamoja na, tuseme, kipokezi butu cha EGF kinachonasa ishara bila kuipitisha. Watoto wao watakuwa na kipokezi butu ndani ya glia tu. Ukiongeza protini ya tatu, GAL80 inayohisi joto, mfumo hulala kwenye nyuzi 18 za Selsiasi na kuamka kwenye 29, hivyo mtafiti anachagua pia saa ya kuizima ishara kwa kuhamisha chupa kutoka kabati moja hadi jingine. Baadaye ubongo hutolewa, huhifadhiwa kwa fomaldehaidi ya asilimia 4 kwa dakika kama 20, hupakwa kingamwili zinazong'aa, moja dhidi ya protini ya Elav iliyoko kwenye neuroni na nyingine dhidi ya Repo, kisha huhesabiwa chini ya darubini ya leza, safu kwa safu.

Makosa hapa ni mengi, na wanafunzi hufaidika kuyajua kuliko kukariri majina ya protini. La kwanza ni kuizima ishara na glia yenyewe ikafa. Hapo ulichokipima ni kutokuwepo kwa seli, si kutokuwepo kwa ujumbe. Ndiyo maana hesabu ya Repo lazima iende sambamba na ya Elav. La pili ni GAL4 kuvuja kwenye seli nyingine ambazo mtafiti hakuziangalia. La tatu ni RNA ndogo za kuzimia jeni kugusa jeni isiyokusudiwa, na dawa yake ni kurudia kwa RNA ya pili inayolenga sehemu tofauti ya jeni ile ile. La nne huwanasa hata wazoefu: insulini ni homoni ya ukuaji wa mwili mzima, kwa hiyo ukiigusa, kiluwiluwi kizima kinaweza kuchelewa. Ukilinganisha wanyama wa saa zinazolingana utaona neuroni chache na kudhani umegundua kitu, kumbe mnyama wako ni mdogo kimaendeleo. Inafaa kulinganisha wanyama wenye idadi ileile ya safu zilizokwisha kujengwa.

Je, haya yanamhusu binadamu? Majina ya seli hubadilika, ila kemikali nyingi ni za jamii zile zile. Notch, Hedgehog na Slit zilianza kujulikana kwa nzi ndipo zikatafutwa na kupatikana kwetu. Slit ni mfano mfupi mzuri. Kwa nzi, glia za mstari wa katikati ya mwili huimwaga, na aksoni yenye kipokezi cha Robo huikwepa, hivyo haivuki upande wa pili zaidi ya mara moja. Kwa panya, vikundi vya glia kwenye mstari wa katikati ya ubongo hutoa Slit na kuzielekeza aksoni zinazounganisha nusu mbili za ubongo zipite kwenye njia yake, zisitawanyike chini.

Kwa mamalia, hata hivyo, kuna seli ambayo nzi hana mfano wake kamili: glia mwale. Huwa na mwili karibu na vyumba vya maji vya katikati ya ubongo na unyuzi mrefu unaofika hadi ukingo wa nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Pasko Rakic alionyesha kwa darubini ya elektroni kwamba neuroni changa hupanda kwa kuukumbatia unyuzi huo. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2001, ikathibitishwa kwamba glia hiyo hiyo ndiyo mama anayezizaa neuroni hizo. Kwa hiyo hapa anayezaa na anayetumika kama njia ni seli moja.

Na watoto humjibu mama. Neuroni iliyozaliwa sasa hivi hubeba juu ya uso wake protini ya Delta, ambayo ikigusa Notch, kipokezi cha mama, Notch hukatwa na kipande chake huingia kwenye kiini na kumzuia asigeuke neuroni mapema. Bila kugusana huko, akiba ya seli mama ingekwisha siku za mwanzo na tabaka za juu za gamba la ubongo zisingejengwa. Neuroni zinazopanda hutoa pia nyuregulini, inayoufanya unyuzi wa glia ubaki mrefu. Mwishoni, neuroni zilizokwisha kutulia hutoa kadiotrofini-1, inayowaambia mama waliobaki waache kuzaa neuroni na waanze kuzaa astrositi, yaani glia zenye umbo la nyota. Kwa panya, neuroni za gamba huzaliwa takribani kati ya siku ya 11 na ya 17 ya mimba, na astrositi hufuata.

Mwanafunzi makini atauliza: mbona ishara ya kuzaa astrositi ikija mapema haifanyi kazi? Ni kwa sababu mlango umefungwa kwa ndani. Katika seli tangulizi changa, sehemu ya DNA ambapo ishara hiyo ingeshika, mbele ya jeni ya protini kuu ya astrositi, huwa imewekewa vikundi vya methili vinavyozuia kushikwa. Vikundi hivyo huondolewa kadiri mimba inavyokua. Kemikali peke yake si amri. Inahitaji seli iliyo tayari kuisikia. Na utayari huo nao huandaliwa kwa sehemu na Notch, yaani na neuroni zilizotangulia.

Tukifika kwenye sinapsi, yaani maungio ambapo neuroni hupashana ishara, ushahidi unatoka kwenye sahani za maabara za Ben Barres na wanafunzi wake huko Stanford. Mwaka 1997 yeye na Frank Pfrieger walitenga neuroni za retina ya panya, wakazikuza bila glia hata moja. Ziliishi vizuri, zikatoa aksoni, lakini hazikuzungumza sana. Mwaka 2001 ilionyeshwa kwamba astrositi zikiwekwa karibu, hata zisipogusana na neuroni hizo, sinapsi huongezeka takribani mara saba. Kwa hiyo kulikuwa na kitu ndani ya maji. Mwaka huo huo kundi la Pfrieger lilikitaja kimojawapo: kolesteroli, inayosafirishwa na astrositi ikiwa imebebwa na protini ya ApoE. Mwaka 2005 zikatajwa thrombospondini. Hizo hujenga sinapsi zenye umbo kamili chini ya darubini, zenye vifuko vya kemikali upande mmoja na kipokeo upande wa pili, lakini bubu, kwa kuwa vipokezi vya AMPA, vinavyonasa kemikali ya ishara iitwayo glutamati, havipo vya kutosha juu ya uso wake. Mwaka 2012 zikaja glipikani 4 na 6, ambazo huvileta vipokezi hivyo. Ona mpangilio: astrositi hutoa kemikali moja ya kujenga na nyingine ya kuwasha.

Zipo pia za kufunga breki. Hevini hukuza sinapsi, na protini ya jamii yake iitwayo SPARC huipinga. Astrositi moja hutoa zote mbili, na uwiano wake ndio unaoamua. Kwa maoni yangu hapa ndipo vitabu vya shule vinapokosea zaidi: vinamwonyesha mwanafunzi astrositi kama mhudumu, wakati ndiyo inayosimamia ni sinapsi ngapi ziruhusiwe.

Anayetaka kurudia jaribio hili aijue mitego yake. Maji ambamo astrositi zimekaa hukusanywa, huchujwa ili mabaki ya seli yatoke, kisha hukolezwa kwenye kichujio kinachobakiza molekuli kubwa. Ukifanya hivyo umetupa molekuli ndogo, kwa hiyo usiseme "astrositi hazitoi kingine". Sema tu kilichobaki kwenye kichujio. Astrositi zilizokuzwa kwa njia ya zamani, kwenye seramu ya ndama, huwa zinafanana na zile za ubongo ulioumia, kwa sababu ndani ya ubongo mzima seramu haizigusi. Tangu mwaka 2011 kuna njia ya kuzitenga kwa kingamwili na kuzikuza bila seramu. Mikroglia, yaani seli za kinga za ubongo, zikibaki chache kwenye sahani hutafuna sinapsi na kuharibu hesabu. Wingi wa neuroni kwenye sahani lazima ulingane, maana neuroni zilizosongamana huunda sinapsi nyingi hata bila msaada. Na sinapsi huhesabiwa pale tu alama ya upande wa mtumaji na ya upande wa mpokeaji zinapokutana. Alama moja ikiwa peke yake haihesabiwi.

Mikroglia nilizozitaja si watoto wa glia mwale. Asili yao ni kwenye kifuko cha kiini cha yai (yolk sac), nje ya mwili wa kiinitete, na huhamia ubongoni mapema. Kazi yao ni kupogoa. Sinapsi dhaifu huwekewa alama ya C1q, protini ya mfumo wa kinga, na mikroglia huila. Kinachovutia ni kwamba kwenye retina ni astrositi zinazotoa TGF-beta inayoziamuru neuroni zitengeneze C1q hiyo. Neuroni nazo zina alama ya kujikinga, CD47, isemayo "niache". Upogoaji ukizidi au ukipungua, mtandao unabaki na kasoro. Mwaka 2016 ilionekana kwamba aina za jeni ya C4, mwenzake C1q, zinazotoa protini nyingi zaidi huendana na hatari kubwa zaidi ya skizofrenia.

Umeuliza pia kinachoharibika. Mfano nitakaouchukua unagusa familia nyingi za kwetu: homoni ya tezi ya shingo, thairoidi.

Tezi hutoa hasa T4, yenye atomu nne za iodini. Inayofanya kazi ndani ya kiini cha seli ni T3, yenye atomu tatu. Ndani ya ubongo, kimeng'enya kinachong'oa atomu ile ya nne, deiodinasi aina ya 2, kimo hasa kwenye astrositi. Astrositi hupokea T4 iliyotoka kwenye damu, huigeuza T3, na T3 hupita kwenda kwa neuroni kupitia mlango wa MCT8. Neuroni zenyewe zina deiodinasi aina ya 3, inayoiharibu T3 iliyozidi. Glia huwasha, neuroni huzima. Ni muundo ule ule wa lamina ya nzi. T3 ikiwa ndani ya seli huongoza kupanda kwa neuroni, kuchipua kwa matawi yake, na kukomaa kwa oligodendrositi, glia zinazotengeneza mielini, ala ya mafuta inayofunika aksoni.

Ushahidi kwamba njia hii ya astrositi ni ya kweli ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mtoto wa kiume aliyezaliwa na jeni mbovu ya MCT8 huwa na ulemavu mkubwa wa ubongo, mwili legevu na mielini iliyochelewa. Panya aliyenyimwa jeni hiyo hiyo karibu hana dalili za neva. Sababu ni kwamba panya ana mlango mwingine, OATP1C1, unaoingiza T4 ubongoni kwa wingi, kisha astrositi zake hujitengenezea T3 humo humo. Panya walionyimwa milango yote miwili kwa pamoja waliugua kwelikweli. Lakini usimfundishe mtu kwamba deiodinasi aina ya 2 haina mbadala: panya waliokosa kimeng'enya hicho tu huwa na athari ndogo, kwa kuwa T3 ya damu huziba sehemu ya pengo.

Iodini ikikosekana mnyororo wote hukatika kwenye chanzo. Tezi ya mtoto tumboni haitoi homoni ya kutosha hadi kati ya wiki ya 16 na ya 20, kwa hiyo kabla ya hapo ubongo wake hutegemea T4 ya mama peke yake, na huo ndio wakati neuroni za gamba zinapozaliwa na kupanda. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, rovu lilikuwa la kawaida na watoto wengine walizaliwa na udumavu mkubwa wa akili na kimo. Nyanda za juu za kusini mwa Tanzania nazo zilijulikana kwa rovu kabla ya chumvi yenye madini joto kuenezwa. Jaribio la Papua New Guinea lililoanza mwaka 1966, la kuwadunga wanawake mafuta yenye iodini, lilionyesha kwamba kinga hiyo hufaa ikitolewa kabla ya mimba kutungwa. Ikichelewa, madhara ya awali hayarudi nyuma. Usisubiri kliniki ya mwezi wa tano wa mimba.

Darasani kwako unaweza kulipima hili bila maabara kubwa. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 za iodini kwa siku, mtu mzima mwingine 150. Chumvi ya nyumbani huhesabiwa kuwa inatosha ikiwa na angalau miligramu 15 kwa kilo, maana yake gramu 10 za chumvi hiyo hutoa mikrogramu 150. Fanya hesabu hiyo na wanafunzi, watagundua wenyewe kwamba mama anayekula gramu 5 za chumvi ya kiwango hicho cha chini bado hajatosheka na huhitaji samaki wa baharini, mayai na maziwa, au vidonge akishauriwa kliniki. Kisha walete chumvi za nyumbani na mzitone kwa kipimo cha wanga kinachotumiwa na maofisa wa lishe: yenye iodeti hugeuka buluu au zambarau. Ikibaki nyeupe, usiihukumu mara moja, kwani chumvi yenye alikali huficha rangi. Tumia kimiminika cha pili cha asidi kilichomo ndani ya kipimo, utone tena. Rangi huonyesha tu kwamba iodini ipo. Ukitaka kiasi chake, sampuli ipelekwe maabara kwa taitresheni. Na chumvi ya mawe iliyokaa wazi sokoni kwenye unyevu, hata ikiwa ilitiwa madini joto kiwandani, ipimeni kwanza kabla ya nyingine zote.